Magogo meusi, makombe ya Mombasa na meko ya gesi: kipi kiingie motoni?

*"Habari za kazi, fundi. Mwaka huu tumenunua nyumba ya zamani Saint Paul, Minnesota, yenye meko ya matofali sebuleni. Wenyewe wa mwanzo walipachika ndani yake meko ya gesi, lile sanduku la chuma lenye kioo mbele na rimoti. Linawaka vizuri tu, ila sura yake imepitwa na wakati: magogo ya bandia yamekuwa meusi na fremu ni ya rangi ya shaba. Mume wangu anataka tutoe magogo tumwage vipande vya kioo vya bluu. Mimi nina vijiwe nilivyookota ufukweni Ziwa Superior, na kikapu cha makombe niliyoletewa na mama kutoka Mombasa. Ningependa vikae pale katikati ya moto. Jirani anasema gesi si kuni, tuweke chochote kisichoungua. Tuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na meko tunaliwasha kila jioni ya baridi. Tufanyeje, na lipi tunaweza kulifanya wenyewe?"*

Dada yangu, hongera kwa nyumba. Swali lako ni la urembo, na urembo tutaufikia, maana siku hizi mambo ya kuchagua ni mengi na mazuri. Lakini kuna neno umelitaja kwa kupita tu, nami siwezi kulipita: magogo yamekuwa meusi. Magogo ya bandia hayawi meusi kwa uzee. Doa dogo pale ulimi wa moto unapolamba gogo si ajabu, lakini magogo yakivaa weusi mwili mzima, hayo ni masizi, na masizi ni dalili kwamba gesi haiteketei yote. Gesi isiyoteketea yote hutoa pia kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Kwa hiyo jibu langu la kwanza, hata kabla ya kioo cha bluu: msiliwashe tena mpaka fundi aliangalie. Mkibadilisha mapambo bila kutafuta chanzo cha masizi, mtapata mapambo mapya yatakayokuwa meusi kabla baridi haijaisha, na hatari itakuwa pale pale.

Nieleze kidogo namna moto huu unavyofanya kazi, kwa sababu ukiuelewa, majibu mengine yote utaweza kuyapata mwenyewe. Gesi ikichanganywa vizuri na hewa kabla ya kuwaka, hutoa mwali wa bluu kama wa jiko la kupikia. Mwali wa bluu una joto zuri lakini sebuleni haupendezi. Watengenezaji wa meko kwa hiyo hupunguza kwa makusudi hewa inayoingia kwenye bana, yaani ile sehemu yenye vitundu ambako gesi hutokea na kuwaka. Kaboni iliyokosa hewa mapema hujikusanya kuwa chembe ndogo mno, zikashika joto mpaka zikang'aa, na mng'ao wa chembe hizo ndio umanjano wa moto tunaoupenda. Zikipanda juu hukutana na hewa zaidi, zikateketea zote, pasibaki kitu. Sasa washa mshumaa, upitishe kijiko katikati ya mwali. Kijiko kitatoka cheusi, kwa sababu chuma kimezipoza zile chembe kabla hazijamaliza kuungua. Kila gogo, jiwe au kipande cha kioo kinachokaa vibaya kwenye meko ya gesi kinafanya kazi ya kile kijiko.

Ndiyo maana magogo yenu hayakurundikwa tu. Kila moja lina mahali pake, mara nyingi hata pini ya kulishika, ili ndimi za moto zipite katikati ya nafasi badala ya kugonga. Chanzo cha kawaida cha weusi ni kwamba mtu aliyatoa asafishe, akayarudisha kwa kukisia. Vyanzo vingine huonekana kwa mwenye vipimo tu: utando wa buibui kwenye njia ya hewa ya bana, mlango wa hewa uliobanwa kupita kiasi, gasketi ya kioo (utepe wa kuziba kingo zake) iliyochoka, au kofia ya juu ya dohani iliyozibwa na kiota cha ndege. Meko za kupachika kama yenu kwa kawaida hazitumii hewa ya sebuleni. Kuna mabomba mawili ya alumini yanayopinda, mara nyingi ya inchi 3 kila moja, yamepandishwa ndani ya dohani la zamani: moja linavuta hewa kutoka nje, jingine linatoa moshi. Mabomba hayo yakiunganishwa kinyume, moto utawaka, ila utawaka vibaya, na mwenye nyumba hatajua kwa kuutazama.

Usidanganyike kwa kuwa "linawaka vizuri". Moto wa manjano mrefu wenye uvivu, unaojikunja na kugusa kioo, huonekana wa kupendeza kuliko moto uliopimwa sawasawa. Utazame weusi, wala si urefu wa mwali. Ukungu mweupe kwenye kioo ni jambo tofauti. Hayo ni mabaki ya kawaida ya uchomaji, nayo husafishwa kioo kikiwa kimepoa kabisa, kwa dawa maalumu ya vioo vya meko isiyo na amonia. Dawa ya kawaida ya madirisha isitumike.

Jirani yako anakutakia mema, lakini kipimo chake si sahihi. Swali si kama kitu kinaungua. Swali ni kitu kinafanya nini kwenye joto lile, na kinaufanya nini moto. Tuanze na vijiwe vyako. Mawe mengi ya ufuko wa Superior ni basalti, mawe ya volkano yenye vitundu vya mapovu ya gesi ya zamani, na yameloa majini miaka isiyohesabika. Maji yaliyojificha ndani hayakauki kwa kuanikwa juani. Yakipata moto ghafla yanageuka mvuke usio na pa kutokea, na jiwe linapasuka kwa nguvu ndani ya sanduku lenye kioo. Vijiwe vya meko unavyoviona vikiuzwa, hata vile vinavyofanana kabisa na vya mtoni, ni vya kauri ya viwandani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au ni mawe yaliyokubaliwa na mtengenezaji wa modeli husika.

Makombe ya mama ni kalisiamu kaboneti, sawa na matumbawe. Wewe ni mtu wa pwani, unajua tunavyopata chokaa: matumbawe hupangwa juu ya kuni, yakachomwa mpaka yakalainika kuwa unga mweupe. Kazi hiyo huanza kwenye nyuzijoto za Selsiasi kama 850 hadi 900, na mwali wa gesi unafika huko na kupita. Makombe yako yangepoteza rangi na mng'ao, yakapasuka, halafu kidogo kidogo yakaanza kuwa chokaa isiyozimwa, unga unaochoma macho na ngozi ukikutana na unyevu. Unga huo ungeangukia kwenye vitundu vya bana. Ungepoteza zawadi ya mama na bana kwa mpigo mmoja.

Kuna jambo la tatu ambalo watu wengi hawalifikirii, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Pembeni ya bana kuna kimoto kidogo cha kuwashia na kifaa kinachohisi moto. Kwenye modeli nyingi za zamani kifaa hicho hutumia joto la kile kimoto kuzalisha umeme mdogo, chini ya volti moja, unaoshikilia vali ya gesi iwe wazi. Ukikifunika kwa vijiwe, mara meko linazimika lenyewe bila sababu inayoonekana, mara linachelewa kushika. Kuchelewa ndiko kubaya. Gesi inatoka, inajikusanya chini ya mawe, halafu moto unaifikia yote kwa pamoja na kupiga kishindo. Ukitazama juu ya fremu ya kioo chenu huenda ukaona vishikizo vya springi. Kwenye modeli nyingi viliwekwa hivyo ili kioo kiachie kidogo shinikizo likija ghafla. Vipo kwa ajili ya dharura, haifai kuvitegemea kila jioni.

Kwa hiyo sheria ni moja, nami siilegezi: chochote kinachokaa ndani ya sanduku lile kiwe kimeorodheshwa na mtengenezaji kwa modeli ile ile. Marekani meko hizi hupimwa maabara pamoja na mapambo yake, chini ya kiwango kiitwacho ANSI Z21.88 kwa zile za kupasha joto nyumba. Kibali ni cha mashine na mapambo kwa pamoja. Ukibadilisha kimoja kwa kubahatisha, umetoka nje ya kibali, na dhamana ya mtengenezaji inaweza kufutika. Namba ya modeli imeandikwa kwenye kibati, mara nyingi nyuma ya kifuniko cha chini. Kwa namba hiyo, muuzaji wa meko atakuambia chapa yenu inakubali mapambo gani.

Haya, sasa kwenye uzuri. Wazo la mume wako la kioo si baya hata kidogo, mradi kiwe kioo chenyewe. Vipande vya meko hutengenezwa kwa kioo kilichokomazwa, aina ya kioo cha madirisha ya pembeni ya gari, kisha kingo hulainishwa. Unene huwa milimita 6 hadi 12 hivi, na rangi zipo nyingi: bluu ya bahari, kaharabu, nyeusi, ya moshi, na zenye upande mmoja wa kuakisi kama kioo cha kujitazamia. Chupa zilizovunjwa, kioo cha dirisha au vile vipande vya duka la mapambo ya maua havifai. Hupasuka na kurusha vijipande, vingine huyeyuka na kuziba bana.

Ila lazima niwe mkweli kwenu. Bana iliyotengenezwa kwa ajili ya magogo haigeuki kuwa bana ya kioo kwa kutoa magogo tu. Vitundu vyake vimepangwa kufuata nafasi za magogo, na bila magogo moto husimama ovyo. Baadhi ya modeli zina seti ya kubadilishia inayokuja na bana au trei mpya, nyingine hazina kabisa. Hata ikiwepo, juu ya bana huwekwa kioo kidogo tu, mara nyingi tabaka moja, na kijitabu cha maelekezo ya meko husema ni kilo ngapi. Wenye hamu ya kuona bluu nyingi humwaga zaidi, na hapo ndipo masizi hurudi. Lingine ni la macho zaidi: kioo hupendeza sana kwenye sanduku pana la kisasa lenye moto mwembamba mrefu. Kwenye sanduku dogo la mraba ndani ya matofali ya zamani, kwa macho yangu, kioo cha bluu huonekana kigeni, na hakileti hisia ya joto ambayo watu huitaka Januari.

Kwa nyumba kama yenu mimi ningeangalia kwanza magogo mapya. Ya sasa hayafanani na yale ya zamani. Kuna seti zenye sura ya mti wa birch wenye gamba jeupe, na huo ni mti wa huko huko Minnesota. Kuna zinazofanana na magogo yaliyosukumwa na mawimbi ufukweni, ya kijivu na laini. Hizi za ufukweni zikiambatana na vijiwe vya kauri vya mtengenezaji zitakupa ile picha ya Superior uliyoitaka, bila jiwe la kupasuka. Chini ya magogo hutandazwa nyuzi za madini zinazogeuka nyekundu kama makaa, na modeli nyingine zina taa ndogo chini ya kitanda cha makaa zinazowaka hata moto ukizimwa. Wapo pia wanaopenda mapambo ya chuma, mipira na maumbo ya pembe. Mimi hayanivutii, lakini mkiyapenda na yapo kwenye orodha ya modeli yenu, ni sawa.

Kitu kinachobadilisha sura kuliko hata magogo, na ambacho wateja wengi hawakijui, ni kuta za ndani. Sanduku lenye kuta za chuma tupu huonekana kama oveni. Mtengenezaji akiwa na paneli za modeli yenu, mnaweza kuweka za sura ya matofali yaliyopangwa mshazari, au nyeusi zinazong'aa zinazoakisi moto mpaka uonekane umezidi mara mbili. Kwa pesa ile ile, mimi ningechagua paneli nyeusi pamoja na magogo ya ufukweni kabla ya kioo.

Hakikisheni pia mnajua mnatumia gesi gani. Mjini Saint Paul wengi wana gesi asilia ya bomba. Kama yenu ni propani ya tangi, mwambie muuzaji mapema. Propani hutumia shinikizo kubwa zaidi na tundu dogo zaidi, huelekea kutoa masizi kwa wepesi, na baadhi ya mapambo hayaruhusiwi nayo.

Nje ya sanduku mna uhuru mkubwa, na kazi nyingi mnaweza kuifanya kwa mikono yenu. Ile fremu ya shaba kwa kawaida hutoka kwa skrubu. Itoeni meko likiwa baridi, ipelekeni nje, isugueni kwa msasa laini, kisha mpulizie rangi nyeusi ya kuhimili joto kali. Msipake chochote ndani ya sanduku wala kwenye gasketi, na msizibe zile nafasi za juu na chini ambazo hewa ya sebuleni hupitia kuizunguka mashine. Mara ya kwanza kuwasha itanuka, kama magogo mapya yatakavyonuka. Fungueni madirisha saa chache, mtoto akae chumba kingine.

Matofali ya nje ya meko mnaweza kuyapaka chokaa. Ni mtindo uliorudi kwa nguvu Marekani, nayo haiungui wala haibabuki kama rangi ya mafuta. Na makombe ya mama yana nafasi nzuri kuliko motoni. Nyumba za zamani za Lamu zina zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo vya thamani. Kama kuna ukuta mtupu pande mbili za meko, fundi wa plasta anaweza kukutengenezea vidaka viwili vitatu kila upande, na moto ukavimulika bila kuvigusa. Kijitabu cha meko kitaonyesha umbali wa lazima kwa kila kitu cha mbao, iwe rafu ya juu au mbao za ukutani. Umbali huo ni sheria. Televisheni juu ya meko siipendi, ila kama ni lazima, bandikeni kipimajoto pale itakapokaa, mwashe meko lililokwisha kukaguliwa na fundi kama saa moja na nusu, mlinganishe na kijitabu cha televisheni. Nyingi huishia nyuzijoto 40.

Kuhusu mtoto sina mjadala. Kioo cha meko hupita nyuzijoto 200, na huendelea kuunguza muda mrefu baada ya moto kuzima, wakati hakuna kinachoonyesha kwamba ni cha moto. Mtoto wa umri ule huweka viganja viwili na hajui kuvitoa. Meko zilizotengenezwa tangu 2015 huja na wavu wa kinga, kwa kuwa kiwango kinautaka popote kioo kinapopita nyuzijoto 78. Yenu ni ya zamani, kwa hiyo ulizeni wavu wa modeli hiyo, na mtoto awekewe pia uzio wa kusimama sakafuni, mbali na kioo. Wavu huu uje kabla ya magogo mapya. Pesa zikibana, nunueni wavu na matengenezo mwaka huu, mapambo yangoje.

Msiyapige magogo ya zamani wala kuyasugua kwa brashi kavu ili yawe meupe. Mengi yametengenezwa kwa nyuzi za kauri, na vumbi lake halifai kuvutwa puani, wala mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi hailizuii. Mwachieni fundi ayatoe.

Fundi wa kumwita ni wa meko za gesi, mwenye cheti cha National Fireplace Institute upande wa gesi, si fundi yeyote wa mabomba. Mwambie aangalie shinikizo la gesi, mlango wa hewa, mabomba yote mawili mpaka kofia ya dohani, gasketi, na mpangilio wa magogo dhidi ya kijitabu. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksidi ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Bonyezeni kitufe cha kujaribu leo hii, na mwongeze kimoja sebuleni. King'ora kikilia, au watu nyumbani wakishikwa na kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu meko likiwa linawaka, tokeni nje wote na mpige 911 mkiwa nje. Mkisikia harufu ya gesi ni vivyo hivyo: msiguse swichi wala rimoti, tokeni, pigeni simu mkiwa mbali na nyumba.

Fundi akimaliza kupanga seti mpya, piga picha kutoka mbele na kutoka juu kabla hajafunga kioo, uziweke pamoja na kijitabu. Atakayekuja kusafisha mwakani, hata akiwa mwingine, atajua kila gogo linarudi wapi.